Mnaoanza kwaliti ya samaki, maji ya Mwanza hayafiki mia

Wanangu mliopangiwa mapokezi ya samaki viwandani mwaka huu, na nyie wa fildi mnaonifuata nyumbani Nyegezi jioni na logibuku zenu, naandika haya maana nimechoka kumrudia mmoja mmoja. Juzi kaja kijana, ana adabu zake, shikamoo bibi, kakaa, kapewa chai, kisha akatoa kwenye begi themometa mbili za sahani, zile za mshale, akaniambia bibi hizi mbovu, nimezitumbukiza kwenye maji yanayochemka zinagota 96, nimeshaandika zitupwe zinunuliwe mpya. Kabla yake alishakuja mwingine, wa kiwanda kingine kabisa, kesi hiyohiyo, ila yeye hakuzitupa, alichukua spana akazungusha nati ya nyuma mpaka mshale ukagusa 100, akaja kunionyesha kwa furaha. Huyo wa spana ndo aliyeninyima usingizi. Nitamfikia kwenye namba nne, mniache kwanza nimalize madogo.

Kwa msionijua, mi nimezeekea kwenye kazi hii. Nilipotoka chuo cha uvuvi hapahapa Nyegezi mwanzoni mwa miaka ya 80 Mwanza haikuwa mji wa viwanda vya minofu mnaoujua nyie, tulichofundishwa ni kubanika, kukausha na kutia chumvi, na samaki wa watu walikuwa furu, ningu, sato, kambare, kamongo. Sangara alishapandikizwa ziwani tangu miaka ya 50 na 60, lakini huku kwetu kusini alikuja kujaa miaka hiyo ya 80, na alipojaa furu wakaisha tunaangalia. Kina mama wa mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, mwanzoni hawakumpenda, mafuta mengi, ukimbanika yanadondokea motoni moto unaruka, na akiwa mkubwa hata jua la wiki nzima halimkaushi mpaka ndani. Miaka ya 90 viwanda vikaota kando ya ziwa, samaki yuleyule akawa anapanda ndege kwenda Ulaya minofu mitupu, mtaani tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Kwa hiyo hizi fomu mnazozikuta zimeshapigwa chapa na kupangwa kwenye mafaili, sisi tulizijifunza huku boti limefunga kamba na mzigo unasubiri.

1. Ile bunduki ya kupima joto iliyobaki tangu enzi za Korona iacheni getini. Inasoma ngozi ya kitu, ndani haiingii. Ukiielekeza kwenye tanki la samaki waliofukiwa barafu umepima barafu, na barafu hata uitoe wapi itakwambia sifuri. Samaki aliyelala chini yake anaweza kuwa na nyuzi 12 ndani ya mwili, maana kashinda kwenye mtumbwi juani akisubiri boti la kukusanya, barafu kamwagiwa walipoanza kuona taa za Mwanza. Nilimkuta binti mmoja, mchapakazi kwelikweli, kapita boti zima na bunduki kwa dakika chache, sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja. Nilikuwa nimekwenda kusalimia tu lakini roho haikukubali, nikamwomba achukue ya kuchoma tukamtoa samaki wa chini kabisa, akaona mwenyewe. Machozi yakamlenga. Nikamwambia mwanangu usilie, hujasaini bado, hapo bado uko salama, chukua fomu nyingine tuanze upya. Tukaanza upya, na mzigo ule nusu yake haukuingia.

2. Themometa ya sahani haihisi kwa ncha peke yake, inahisi kwa sehemu nzima ya chini ya shina mpaka pale penye kakishimo. Ukichomeka ncha umepima hewa. Zamisha mpaka kakishimo kamezama, sehemu nene, nyuma ya kichwa kuelekea uti wa mgongo, kisha subiri mshale utulie, hamkimbizwi na mtu. Ya dijitali inahisi nchani, hiyo mnaijua.

3. Saa. Hili naliona kila mwaka mpaka nakasirika. Mtu wa geti anaandika mzigo umeingia 2:30, yeye anaandika saa ya Kiswahili aliyoisema mama yake tangu anazaliwa, saa mbili na nusu asubuhi. Mtu wa chumba cha baridi anaandika mzigo umeingia 09:10, kasoma kwenye simu. Dakika arobaini, kazi safi ya kusifiwa. Anakuja mkaguzi mgeni anafungua faili, anasoma samaki wamekaa nje ya baridi tangu saa nane na nusu usiku mpaka saa tatu asubuhi, karibu saa saba, na karatasi ina sahihi na muhuri wenu wenyewe. Nimeona timu nzima imesimama ukutani inaeleza saa ya Kiswahili kwa mkalimani, na mkalimani naye kachanganyikiwa. Chagueni saa moja, ya simu, muibandike getini kwa kalamu nene, na mlinzi mfundisheni naye maana yeye ndo anayeanza kuandika kabla yenu wote.

4. Sasa we wa spana. Mwanangu, ulichokifanya mi nilikifanya, na mahali pengine sijawahi kukiandika.

Historia ya zuio mmeisoma chuoni kwenye ukurasa mmoja. Sisi ilitupitia mwilini. Mwanzoni mwa 1998 Ulaya walizuia samaki wetu kwa sababu ya kipindupindu, tukajikwamua kwa shida, 1999 wakafunga tena, safari hii kwa tuhuma kwamba watu wanavua kwa sumu. Sisi, Uganda, Kenya, ziwa zima. Viwanda vikapoa, shifti zikafutwa, boti za kukusanya zikapandishwa mchangani, mvuvi wa Kome au Ukerewe aliyezoea kufuatwa mpaka kambini ghafla hana wa kumuuzia, na mkopo wa injini haujui habari za Ulaya. Mlango ulipofunguliwa hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kusababisha ufungwe tena. Watu wa kwaliti wa rika langu tumelelewa na hofu ile. Ukikataa mzigo unaonekana makini, hakuna anayekuuliza, ukipokea ndo unaulizwa. Mnielewe hapo maana ndo mzizi wa yote yaliyofuata, mi sikuwa mvivu wala sikuwa nimehongwa, nilikuwa mtu mwenye hofu niliyepewa mamlaka.

Nilikuwa mkubwa wa mapokezi kwenye kiwanda kimoja, jina naliacha. Zikaja themometa mpya za sahani, boksi zima, na karatasi ya maelekezo ya Kizungu inasema chemsha maji, tumbukiza, isome 100, isiposoma zungusha nati. Nikawasha jiko la umeme la maabara, maji yakachemka yanaruka, nikatumbukiza, 96. Ya pili, 96. Boksi zima 96. Pale pale ningejiuliza inakuwaje zote zikosee sawasawa, kitu kibovu hakikosei kwa mpangilio namna ile. Sikujiuliza. Nilijiambia wametuuzia mabaki, wanajua huku Afrika hakuna anayekagua, sasa leo wamempata anayekagua. Nikachukua spana nikazipandisha zote mpaka 100, nikajaza fomu ya kalibresheni, ile ya kuthibitisha kipimo kinasoma sawa, nikasaini, nikaenda kwa bosi kumwonyesha.

Hesabu yake sasa. Nati ile haisogezi 100 peke yake, inasogeza mshale wote. Ukiongeza nne juu umeongeza nne chini. Samaki wa nyuzi 2, hana tatizo lolote, anasomeka 6, na mstari wetu wa kupokea ulikuwa 4.

Asubuhi iliyofuata nikaanza kukataa. Boti zilizokuwa zinapita bila maneno zikawa hazipiti. Wavuvi wakaanza kusema mama kabadilika, wengine wakasema katumwa na matajiri washushe bei, mi nikawa nazidi kukaza, naona ndo dalili kwamba nilikuwa nadanganywa miaka yote. Na juu wakanipongeza, kikao cha asubuhi nikatajwa kwa mfano mzuri.

Kulikuwa na mzee mmoja anayetokea Kisiwa cha Kome, simtaji. Boti lake mwenyewe, injini ya mkopo kutoka kwa wakala, na alikuwa na sifa moja, barafu. Wenzake walikuwa wanabania barafu maana ni gharama, yeye kilo kwa kilo, barafu na samaki nusu kwa nusu, tabaka kwa tabaka, chini mpaka juu. Siku hiyo kaingia mapema, barafu bado ina kona. Nikachoma wa juu, 6. Wa kati, 6. Wa chini, 5 na nusu. Nikamwambia mzee, mzigo haupiti. Akacheka, alidhani ni utani wetu wa kila siku. Alipoona sicheki akaingiza mkono kwenye barafu mpaka kiwiko, akauacha humo, akautoa unachuruzika akanisogezea. Mama, shika. We shika tu uone.

Sikuushika. Nilimjibu mkono sio kipimo, themometa ndo kipimo, na nilimjibu kwa sauti, kwenye foleni, mbele ya mawakala, madereva, wapagazi na vijana wake wa boti. Akarudia, mama shika. Nikamwita wa nyuma yake.

Boti likageuzwa, mzigo akaenda kuumwaga Kirumba kwa watu wa kubanika na wa chumvi kwa bei waliyoitaka wao. Mwenye mzigo unaoharibika habishani bei.

Yaliyonizindua hayakutoka kwangu. Fundi wa majokofu, mtu mzima hana makuu, alikuwa anatengeneza mashine ya barafu, themometa yake imepasuka akaazima ya kwangu. Akaichovya kwenye ndoo ya barafu iliyopondwa na maji, akaiangalia, akaikoroga, akaiangalia tena, akaniita. Mama, hii ndoo ina barafu tele na kipimo chako kinasema nne, kipimo chako kina homa. Nikamwambia haiwezekani, nimeikagua mwenyewe kwa maji ya kuchemka. Akaniuliza umechemshia wapi. Hapa hapa. Akaniambia sasa mama, mia si ni ya usawa wa bahari, huku ziwani tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa nyepesi, maji ya Mwanza yanachemka 96 na kidogo, hayafiki mia hata uyawekee kuni za wilaya nzima. Jambo lenyewe nilishasoma sekondari, hata mtihani niliufanya. Nilijua kwamba mlimani maji huchemka mapema. Ila sikuwahi kuiona Mwanza kama mlima, mtu anayeamka kila siku ufukweni anajiona yuko chini.

Nikachukua themometa zote nikaziingiza ndooni moja baada ya nyingine. Nne, nne, nne. Nikakaa kwenye kreti.

Usiku nikazirudisha zote sifuri kwenye barafu. Asubuhi nikamweleza bosi, hakupaza sauti, aliniuliza nani mwingine anajua, nikamwambia fundi, akasema basi iishie hapo, zimesharekebishwa, kazi iendelee, hakuna haja ya karatasi. Nami nikakubali. Wanangu hapa ndo panaponiuma kuliko spana. Spana ilikuwa ujinga, mtu hujifunza. Kunyamaza nilinyamaza nikiwa na akili timamu, nina watoto shule, nina hofu ya kazi, na kwenye kabati ziko fomu za kukataa mizigo kwa mwandiko wangu, kila mstari jina la boti na jina la mtu. Nilikuwa nazipita kila siku kwenda kunywa chai. Boti ziliporudi kupita watu wakasema mama kalegea sasa, kapoa, nikawa nacheka nao.

Mzee wa Kome hakuonekana tena mwaloni. Nikawa nauliza kwa mbali, naambiwa yupo, mara kauza, mara kahama. Ilipita muda mrefu ndo nikapanda boti nikamfuata. Nilimkuta kambini mchana, anaanika dagaa wa mtu mwingine, usiku anakwenda na karabai kwenye boti la mtu mwingine, analipwa mgao wa kibarua. Injini wakala alishaichukua. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikayasahau, nikamwambia tu mzee siku ile samaki wako walikuwa wazima, kipimo changu ndo kilikuwa kibovu na niliyekiharibu ni mimi.

Akaendelea kugeuza dagaa. Kisha akaniuliza, na wale vijana wangu umewaambia?

Sikumwelewa, akanieleza. Hela ya barafu ilikuwa inakatwa juu kabla ya mgao, ndivyo boti nyingi zinavyokwenda, mafuta, barafu, chakula, kinachobaki ndo kinagawanywa. Vijana wake walisimama pale foleni wakasikia mtu wa kiwanda, mtu mwenye koti jeupe, anasema samaki wana joto. Wakapiga hesabu yao. Mzee anatukata hela ya barafu kamili kumbe barafu hainunui yote, nyingine anakula. Hawakugombana naye, waliondoka mmoja mmoja, wa mwisho alikuwa mtoto wa dada yake. Bila vijana boti halitoki, bila boti deni halilipwi. Bei mbaya ya siku moja angeimeza, ameshaimeza nyingi maisha yake. Kilichomwangusha ni kwamba nilimwita mwizi mbele ya watoto wake wa kazi bila hata kujua nimesema hivyo.

Nilimpa nilichokuwa nacho, akakipokea, asante hakusema na hakupaswa. Kiwanda hakikulipa kitu. Vijana niliwatafuta, baadhi niliwapata, mmoja Sengerema anaendesha bodaboda, nikamweleza akaniangalia tu, akasema mama ungesema siku ileile. Wengine sikuwapata mpaka leo. Mtoto wa dada yake alirudi kwa mjomba wake, hilo nalishukuru kila ninapolikumbuka, ila boti halikurudi.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na naomba muibandike karibu na ile saa. Kalibresheni ni ya barafu, barafu iliyopondwa imejaa kikombe, maji ya baridi ya kuziba mianya tu, koroga, chovya bila kugusa chini, subiri, isome sifuri, kila asubuhi kabla ya boti la kwanza. Ukitaka ya maji ya kuchemka kwa Mwanza tafuta 96. Kabla hujamkatalia mtu chukua themometa ya pili, choma samaki wa juu, wa kati na wa chini, mwite mwenye mzigo asome mwenyewe kwa macho yake, na kama anasema shika barafu, shika. Shika jamani. Angalia mashavu, angalia macho, bonyeza nyama kwa dole gumba uone inarudi au inabaki shimo, kama samaki mwenyewe anakwambia mzima na kipimo kinasema mgonjwa basi simama, kuna kitu hakiko sawa na huenda sio samaki. Na ukikataa, mwite pembeni. Usimkatalie mzee wa watu mbele ya vijana wake. Na ukigundua kipimo kilikuwa kibovu toa fomu za nyuma, tafuta majina, waambie wiki hiyohiyo, hata bosi aseme nini.

5. Msipike data. Friza inayosoma -18, -18, -18 usiku mzima na umeme ulikatika mji mzima kila mtu anajua, mnamdanganya nani.

6. Kitoweo. Mwenye boti atakupa samaki, ndo ustaarabu wa ziwani, na ukikataa kwa kukunja uso umemtukana. Kuna vijana wanapokea wanasema ni samaki mmoja tu, kuna wengine wanakataa kwa dharau mpaka watu wanawachukia. Mwambie baba asante, leo nipimie nilipe, kaa kwenye foleni ya mizani, lipa, chukua risiti. Atazoea. Nilifanya kazi na mkaguzi mmoja, marehemu sasa, alikuwa kila Ijumaa analipia sato wake mbele ya kila mtu anahesabu noti kwa sauti, na siku alipokataa mzigo wa tajiri mkubwa kabisa pale mwaloni hakuna aliyekuwa na la kumsema. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa sangara, ndo msiguse kabisa, ile hela ni kubwa na watu wameumizana kwa ajili yake.

7. Salimieni watu. Nasema hili kwa nyie mliotoka vyuo vikuu mnaopita katikati ya kina mama wa mapanki mmevaa koti jeupe macho kwenye simu. Wale mama ndo wanaopokea kila kinachotoka kiwandani kwenu, wanakijua kiwanda chenu kuliko meneja. Kulikuwa na mama mmoja, Msukuma mwenzangu, tunaitana mayu, yaani mama, alikuwa anainusa mifupa ya sangara inapotoka tu mlango wa nyuma, ananiambia mayu leo chumba chenu kinaumwa. Mi naangalia rekoda ya joto, iko sawa. Kesho yake rekoda inaanza kupanda. Alinieleza siri yake, nyama iliyobaki kwenye uti ikiachia mfupa kirahisi mikononi wakati anakata, samaki alikaa vibaya kabla ya kisu, na harufu inaanzia kwenye mashavu huko ambako nyie mlishatupa kichwa. Darasa la bure nimekaa nalo miaka na hakuna cheti. Wapagazi nao, wao wanajua tanki lipi limejaa maji tupu barafu imeyeyuka. Mtu humwambia siri yule anayemsalimia.

Na wavuvi msiwafokee kuhusu sangara chini ya sentimita 50 wakati rula yenyewe mmeiweka vibaya, mpimeni akiwa kanyooka, mdomo umefungwa. Nimeona ugomvi mkubwa Ilemela kwa sababu ya rula iliyovunjika kipande cha mwanzo.

8. Mwili. Mnaona baridi ya chumba ni raha hasa msimu wa jua kali, mnakaa humo mnapiga stori. Vidole vyangu asubuhi havifungi vifungo, mjukuu ndo ananifunga, na magoti yakinikataa siendi popote. Soksi za sufu mbilimbili, zipo nyingi Mlango Mmoja kwenye mitumba, glavu za ndani za kitambaa, na zamu ya kuingia igawaneni, asiingie mmoja siku nzima kwa sababu ni mgeni na hawezi kusema. Gambuti likipasuka sema siku hiyohiyo, usizibe na nailoni.

9. Kiwanja nunueni mkiwa na nguvu, msisubiri kikokotoo cha pensheni. Na michango yenu ya NSSF ikagueni, hili nalisisitiza maana viwandani watu wanahama hama, leo kiwanda hiki kesho kile, kimoja kinafungwa kingine kinabadilisha jina. Mi niliacha kuangalia miaka mingi, makato nayaona kwenye karatasi ya mshahara nikajua yanafika. Nilipokwenda kustaafu nikaambiwa kuna kipande kizima cha utumishi wangu hakijulikani, mwajiri mmoja alikata na hakupeleka, na ofisi yake ilishafungwa. Nikaanza kutafuta karatasi za mshahara za zamani kwenye masanduku, nikatafuta mashahidi tuliofanya nao shifti, wengine wameshafariki, wengine wako Geita kwenye dhahabu hawana hata namba za simu. Kipande kingine nilikipata, kingine nimekisamehe. Saivi mnaweza kuangalia kwa simu mkiwa mmekaa mnakula, angalieni leo, na karatasi za mshahara muzitunze kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati ambako panya na maji havifiki.